Ahadi ni Deni, na Deni Huandikwa

Watu wa dini huniuliza swali moja kwa njia nyingi. Ustadhi wetu huniuliza baada ya darasa la akina mama. Mchungaji ambaye kiwanja chake kimepakana na changu huniuliza tukiwa kwenye foleni ya maji. Shangazi zangu huniuliza tukichambua maharage. Wanasema: kazi yako ni karatasi, na watu wakianza kuandikishana ujue hawaaminiani tena, wewe mtu wa swala unaridhikaje na kazi hiyo?

Kazi yangu ni kutunza nyaraka za miradi katika shirika dogo lililoanzishwa na wakimbizi wenyewe hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Siku nyingine niko Base Camp, humu humu makazini, siku nyingine niko katika ofisi yetu ya Mbarara, ghorofani, karibu na High Street, ambako umeme na intaneti havisumbui kama huku. Mameneja wa miradi huniletea mikataba, bajeti, kumbukumbu za mikutano, orodha za kaya, hati za kupokelea mizigo na picha. Mimi huzipa majina, huzipanga, na kuhakikisha kwamba anayepaswa kuziona anaziona na asiyepaswa hazioni. Wanaoniuliza swali lile wameona hati ikiwafungulia mlango na wameona hati ikiwafungia, kwa hiyo wana haki ya kujua kama kazi hii ina nafasi yoyote mbele ya Mungu. Naamini inayo, na nataka kueleza kwa nini.

Makazi yetu, katika wilaya ya Isingiro, yalianza kwa kupokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Baada yao tumekuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Anayefika huandikishwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo kila mtu hapa huiita OPM, hupewa hati ya familia, na kwa utaratibu wa Uganda huonyeshwa kipande cha ardhi. Kila hatua ina karatasi yake. Mwaka 2018, baada ya tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi nchini ilikuwa imeongezwa, serikali na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walituhakiki wote upya kwa alama za vidole na picha za mboni za macho. Kazi hiyo ilianza Machi. Ilipokwisha Oktoba, idadi ya milioni 1.4 iliyokuwa vitabuni ilikuwa imeshuka hadi kama milioni 1.1. Tuliosimama kwenye mistari ile tukiwa na watoto mgongoni tulielewa kwamba daftari linaweza kudhulumu kwa namna mbili. Linaweza kubeba jina lisilo na mtu, na linaweza kumwacha nje mtu aliyesimama mbele yake.

Basi ustadhi hakosei kuwa na wasiwasi. Lakini mimi na yeye tunasoma kitabu kimoja, Qur'ani, na aya ndefu kuliko zote katika kitabu hicho, ya 282 katika Sura Al-Baqara, inahusu kuandika deni. Inawaelekea walioamini. Inawaambia kwamba wakikopeshana kwa muda maalumu waandike, awepo mwandishi mwadilifu, naye asikatae kuandika, wawepo mashahidi, wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa, pamoja na muda wake, mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Sababu imetolewa humo humo: huo ndio uadilifu zaidi mbele ya Mungu, ndio unaoimarisha ushahidi, na ndio unaowaweka watu mbali na shaka. Amri hii haikuteremshwa kwa maadui wanaoviziana. Imeteremshwa kwa ndugu wa imani moja, watu wanaoswali safu moja.

Ndani ya aya hiyo kuna sharti ambalo watu hulipita haraka. Ni nani anayetamka maneno yanayoandikwa? Si mwenye mali, ambaye angeweza kuongeza. Anayetamka ni yule ambaye haki ya mwenzake iko juu yake, yaani mdaiwa. Akiwa dhaifu au hawezi kutamka, msimamizi wake atamke kwa niaba yake kwa uadilifu. Karatasi inaanzia kinywani mwa anayedaiwa.

Nimelelewa nikiona sharti hilo likifanya kazi. Baba yangu alikuwa na duka la vitenge, chumvi na sabuni mjini Uvira, huko Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Watu wetu asili yao ni Kasongo, huko Maniema, ambako Uislamu uliingia na misafara ya pwani katika karne ya 19. Mteja akitaka kukopa, Baba alifungua daftari, akashika kalamu, akanyamaza. Hakuandika kitu mpaka mteja aseme kwa kinywa chake amechukua nini, kwa bei gani, na atalipa lini. Kisha Baba alimsomea, na mteja akaitikia. Aliwaandika marafiki, akawaandika ndugu. Siku moja mjomba wangu alichukia, akasema sasa tumefikia hapa, mtu anamwandika shemeji yake. Baba akamjibu kwa upole: "Shemeji, nikifa usiku huu, wanangu watakudai ngapi?" Mjomba alikaa kimya kidogo, kisha akatamka deni lake.

Jibu lile limenitosha kwa maisha yangu yote ya kazi. Baba hakuandika kwa sababu alimshuku shemeji yake. Aliandika kwa ajili ya siku ambayo yeye mwenyewe hatakuwepo, ili wasiokuwepo leo wasije wakamdhulumu aliyekuwepo, wala yeye asiwadhulumu wao. Miradi ya Nakivale ina hali hiyohiyo kila mwaka. Mkataba wa meneja unakwisha, anaondoka. Mfadhili anabadilisha afisa wake. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye sisi tunamjua kwa jina la RWC, anamaliza muda wake. Familia inahamishiwa Marekani au Kanada. Mkandarasi anahamia kazi nyingine Kabale. Ahadi inabaki, lakini kila aliyeisikia ametawanyika.

Wahenga wamesema ahadi ni deni. Nikiichukua methali hiyo kwa uzito wake, basi shirika linaposimama chini ya mti mbele ya wanakijiji na kusema "tutawaletea", limeshakopa. Limekopa muda wao, siri za nyumba zao walizozitaja kwenye fomu, na nguvu zao za kubeba mawe na mchanga. Meneja wa mradi ndiye mdaiwa, na yeye ndiye anayepaswa kutamka ili iandikwe. Lakini fungua kabati la ofisi yoyote ya misaada uone karatasi nyingi zinasema nini. Zinasema mkimbizi amepokea, amehudhuria, amekubali, ameweka dole. Mwenye haki ndiye anayetamkishwa, na mdaiwa ndiye anayebaki na karatasi.

Nitaeleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Shirika letu lilikuwa na mradi wa matangi ya maji ya mvua kwa wazee na wajane katika kijiji kimoja upande wa Rubondo. Meneja wa kwanza aliondoka mradi ukiwa katikati. Aliyemrithi ni mama wa Kinyankole kutoka Mbarara, mtu mkweli na mchapakazi. Alikabidhiwa diski, ufunguo wa kabati na siku moja ya maelezo. Ndani ya diski alikuta michanganuo mitatu ya vifaa na gharama, ile ambayo mafundi na mameneja huiita BOQ, na yote mitatu ilikuwa na neno "mwisho" katika jina lake. Alichukua ule uliokuwa na tarehe ya karibuni zaidi, akaendelea na kazi. Matangi yakanunuliwa, yakapelekwa, yakawekwa.

Wiki chache baadaye mzee mmoja kutoka Fizi, Kongo, alikuja ofisini Base Camp. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na alikaa kitako kabla ya kusema neno. "Binti yangu," akaniambia, "tangi limefika na nashukuru. Sasa niambie, maji yatalifikia kwa njia gani?" Nilikwenda nyumbani kwake kuona. Tangi la lita 1,000 lilikuwa limesimama vizuri juu ya jukwaa la saruji, hatua mbili kutoka kwenye ukuta. Paa lilikuwa la bati. Kati ya bati na tangi hapakuwa na kitu: hakuna gata, hakuna bomba la kushusha. Mvua ikinyesha, maji yalianguka chini pembezoni mwa nyumba na kuchimba udongo wa msingi, na tangi lilibaki kavu.

Nilirudi kutazama faili lake. Hati ya kupokelea ilikuwapo, ina dole gumba lake kwa wino wa zambarau, limekolea kiasi kwamba mistari ya kidole ilikuwa imezibwa. Juu ya dole, kwa Kiingereza, kulikuwa na maneno kwamba amepokea vifaa vyote kama ilivyokubaliwa. Mzee hasomi Kiingereza. Kwa mujibu wa karatasi ile, hakuwa na dai lolote duniani.

Wakati huo tulikuwa tumeanza kupanga nyaraka zetu upya. Badala ya kila mtu kuwa na diski yake, kila kitu kilikuwa kinaingia mahali pamoja mtandaoni. Jina la kila hati lilianza na mwaka, mwezi na siku, likafuatiwa na kijiji, aina ya hati na namba ya toleo. Toleo lililoidhinishwa lilifungwa lisibadilishwe. Anayetaka kubadili alitengeneza toleo jipya, na mfumo uliandika nani amefanya hivyo na saa ngapi. Meneja yule alikubali pia ombi langu moja ambalo wengine waliliona ni la kupoteza muda: tuskani kwa simu kurasa za kaunta buku za makatibu wa vijiji, zilizoandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili au Kinyarwanda, na tuziweke katika folda moja na mkataba wa mfadhili.

Nilipompelekea meneja habari za mzee, aliandika kwenye mfumo jina la kijiji na mwezi ambao mradi ulianza. Kaunta buku ya katibu ilitokea kwenye kioo. Mwandiko ulikuwa wa kulala, wenye makosa madogo ya tahajia, lakini tarehe ilikuwapo, majina ya waliohudhuria yalikuwapo, na ahadi ilikuwa wazi: shirika litaleta tangi, saruji ya jukwaa, gata na bomba, wanakijiji wataleta mchanga na mawe. Tukafungua BOQ tatu kwa mfuatano wake. Ya kwanza ilikuwa na gata. Katika ya pili bei ya vifaa ilikuwa imepanda, gata zikaondolewa na kuandikwa "mchango wa jamii". Ya tatu ilifuata ya pili. Mabadiliko yalipitishwa katika kikao cha Mbarara ambacho hakuna mtu wa kijiji kile aliyekuwamo. Hakuna aliyeiba hata shilingi moja. Deni lilikuwa limehamishwa kutoka kwa mdaiwa kwenda kwa mdai, kimyakimya, kwa kalamu.

Meneja alisoma ukurasa ule wa kaunta buku mara ya pili, akavua miwani. "Dada," akaniambia, "kumbe tunadaiwa." Alimwandikia mfadhili siku hiyohiyo, akaambatanisha kumbukumbu za mkutano na BOQ ya kwanza na ya pili, akaomba fedha zilizobaki kwenye usafiri zinunue gata. Ombi lilikubaliwa, na gata zilifungwa kabla ya mvua za Septemba.

Wataalamu wanaposifu mifumo ya nyaraka kwa mameneja hutaja muda unaookolewa katika kutafuta, makosa yanayopungua, na ukaguzi unaopita bila hofu. Yote hayo ni kweli na nimeyaona. Kiwango cha kimataifa cha utunzaji wa kumbukumbu, ISO 15489, kilichotolewa mwaka 2001 na kupitiwa upya mwaka 2016, kinataka kila kumbukumbu iwe na sifa nne: iwe halisi, iaminike, iwe kamili bila kuchezewa, na iweze kutumika. Kwangu mimi sifa hizo zinaeleza namna deni linavyotakiwa kuandikwa, na zinakaribiana sana na sababu zilizotajwa katika aya. Lakini faida niliyoiona siku ile ni nzito kuliko kuokoa muda. Mfumo ulimwezesha mtu mwadilifu kugundua kwamba anadaiwa. Bila mfumo ule angekuwa na vitu viwili mezani, dole la mzee na neno la mzee, na katika ofisi za dunia hii dole hushinda neno.

Kuhusu mabadiliko ya hati, nina somo lingine ninalolipenda. Mwaka 628 Mtume Muhammad (S.A.W.) alifanya mkataba na Makuraishi wa Makka pale Hudaybiyya. Mwandishi alikuwa Ali bin Abi Talib. Mjumbe wa Makuraishi, Suhayl bin Amr, alikataa maneno yaliyomtaja Muhammad kuwa Mtume wa Mungu, kwa hoja kwamba wao hawajamkubali kwa cheo hicho. Maneno yale yakafutwa, ingawa masahaba waliumia sana, na badala yake likaandikwa jina lake na la baba yake. Toleo la hati lilibadilika, na lilibadilika mbele ya pande zote mbili, kila mmoja akiona nini kimetoka na nini kimeingia. Miradi nayo hubadilika. Bei hupanda, barabara hukatika, mfadhili hupunguza. Hakuna dhambi katika toleo la pili. Dhambi iko katika toleo la pili ambalo mwenye haki hakuitwa kulisikia.

Na tarehe je? Imesimuliwa katika vitabu vya historia kwamba Khalifa Umar bin Al-Khattab aliletewa hati ya deni iliyosema malipo ni mwezi wa Shaabani, akataka kujua ni Shaabani ipi, iliyopita, waliyo nayo, au ijayo. Jambo hilo linatajwa miongoni mwa sababu zilizowafanya masahaba wakubaliane kuhesabu miaka kuanzia Hijra, kiasi cha mwaka 638. Kila ninapomwambia kijana mpya ofisini aanze jina la faili kwa mwaka, namwambia na kisa hicho. Tarehe iliyokamilika ni sehemu ya haki, kwa sababu deni lisilo na tarehe linaweza kuahirishwa milele bila mtu yeyote kusema uongo.

Aya ya deni inakataza pia mwandishi kudhuriwa. Zamani nilidhani maana yake ni kupigwa au kutukanwa tu. Nilipoingia kazini nikaona namna nyingine. Mahali fulani nilipofanya kazi kabla ya hapa, wakaguzi walikuwa wanakaribia, na fomu za mafunzo hazikuwa na sahihi. Mkubwa mmoja alinitaka niziandike kwa tarehe za nyuma. Mimi nilikuwa karani, mkimbizi, mkataba wangu wa miezi. Nilimwonyesha kwamba mfumo unaandika wenyewe saa ambayo hati imeingizwa, na kwamba mkaguzi ataiona saa hiyo pembeni ya tarehe ya uongo. Alitazama kioo, akasema basi, andika kwamba sahihi zilichelewa na ueleze sababu. Mfumo ulifanya kazi ya kunilinda ambayo ujasiri wangu peke yake usingeiweza. Meneja mwema aufurahie mfumo wa namna hiyo, kwa sababu unawalinda walio chini yake dhidi ya wakubwa wao, na unamlinda yeye mwenyewe dhidi ya saa zake za udhaifu.

Kuna upande mwingine wa amana hii, na akina mama ndio walionifundisha. Katika fomu zetu yameandikwa mambo ambayo mwanamke hakumwambia hata dada yake: aliyofanyiwa njiani kutoka Kivu, dawa anazomeza, mtoto ambaye baba yake hatajwi. Nakivale watu wanajuana. Anayejitolea kuingiza takwimu anaweza kuwa jirani wa yule anayesomwa. Dini inatuamuru kusitiriana, na Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inayowabana wanaokusanya habari za watu. Kwa hiyo ruhusa za kufungua faili kwetu ni suala la ibada kama ilivyo la kiofisi. Meneja wa matangi anahitaji kujua kwamba nyumba fulani ina mjane. Hahitaji kujua mumewe alikufaje. Mfumo mzuri unampa la kwanza na kumnyima la pili, na meneja mwenye hofu ya Mungu hataomba apewe.

Sasa nirudi kwa mchungaji, maana hoja yake ni ngumu kuliko ya ustadhi. Ananikumbusha kwamba katika Biblia, kitabu cha pili cha Samweli, Mfalme Daudi aliwahesabu watu na adhabu ikafuata. Anasema kuhesabu watu humfanya mkubwa adhani watu ni wake. Sina la kumpinga hapo. Nimeona orodha ikimlevya mtu. Lakini jioni moja alinieleza habari nyingine, ya kitabu cha Ezra. Watu wa Yuda waliporudi kutoka uhamishoni Babeli, baadhi ya familia za makuhani zilitafuta majina yao katika orodha za vizazi zikayakosa. Walizuiwa wasihudumu. Ila liwali aliacha mlango wazi: shauri lao lingoje mpaka asimame kuhani atakayeweza kumwuliza Mungu. "Mama, ona," mchungaji akaniambia, "hata kule walijua kwamba kukosekana kwenye orodha si hukumu ya mwisho."

Nilimshukuru kwa habari ile, kwa sababu inasema jambo ambalo mtunza nyaraka lazima alishike sana. Daftari la Mungu haliachi dogo wala kubwa, nalo halihitaji masahihisho. Madaftari yetu yanaacha, na yanakosea, na kwa hiyo ni lazima yawe na mlango wa kusahihishwa. Mtu akisema mimi nilikuwapo mkutanoni na jina langu halimo, jibu la kwanza lisiwe "mfumo hauna jina lako". Jibu liwe kusikiliza, kuita mashahidi, na kuandika kwamba amesema. Qur'ani yenyewe, mara baada ya aya ya deni, inamfikiria msafiri asiyepata mwandishi. Inamruhusu atoe rehani, na inasema wakiaminiana, basi aliyeaminiwa airudishe amana na amche Mungu. Sisi hapa ni wasafiri. Wengi wetu tulivuka mpaka bila cheti cha kuzaliwa, bila hati ya shamba, bila shahada ya shule. Ikiwa Mungu amemfikiria asiye na mwandishi, sioni kwa nini fomu zetu zisimfikirie. Vilevile aya imeruhusu biashara ya papo kwa papo isiandikwe, kwa hiyo sina haja ya kumtia mtu dole kwa kila kipande cha sabuni. Fomu zikizidi, watu huweka dole bila kuuliza, na hapo ushahidi wote unapoteza maana.

Kwa sababu hizi nimependekeza kwa mameneja ninaofanya nao kazi jambo moja, na wawili kati yao wamelikubali. Folda ya kwanza ya kila mradi, kabla ya bajeti na kabla ya mkataba, iwe daftari la ahadi. Ndani yake kuna safu chache: nani ameahidi, ameahidi nini, kwa nani, wapi, tarehe gani, mpaka lini, na imetimizwa au bado. Anayetamka ni meneja, mbele ya kijiji, kwa lugha inayoeleweka pale. Katibu wa kijiji anaandika katika kaunta buku yake, sisi tunaandika katika mfumo wetu, na pande zote mbili zinasomeana. Ahadi ikibadilika, tunarudi palepale kutamka toleo jipya. Na hakuna dole la mkimbizi linaloingia kwenye faili bila sahihi yetu kutangulia upande wa pili wa karatasi.

Siku ya kwanza tulipofanya hivyo, meneja kijana, msomi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, alitetemeka sauti. Alikuwa amezoea kusoma mipango mbele ya wafadhili, na hakuwahi kutamka deni mbele ya wanaomdai. Alipomaliza, bibi mmoja wa Kirundi alimwomba arudie tarehe. Akairudia. Bibi akamwambia katibu, "Umeandika?" Katibu akasema ameandika. Sikuona pale dalili ya kutoaminiana. Niliona watu wazima wakitendeana kwa heshima, kila mmoja akijua lake.

Hilo ndilo jibu langu kwa ustadhi, kwa mchungaji na kwa shangazi zangu. Kuandika kunakuwa ukosefu wa imani pale mwenye nguvu anapomwandika mnyonge ili ajilinde naye. Mwenye nguvu akijiandika mwenyewe kuwa mdaiwa, akaweka maandishi mahali ambapo mrithi wake atayakuta na mnyonge atayafikia, kuandika kunakuwa sehemu ya imani. Meneja anayeanza mradi mpya, iwe hapa Nakivale au kwingine, aanze kwa kuuliza anadaiwa nini, na nani, mpaka lini. Ayaandike majibu, awasomee wanaomdai, kisha ndipo anunue mfumo wa kuyatunza.